Kipevu iko hapa ng'ambo ya maji, mbona stima zikipotea Nairobi na sisi twaingia gizani?

MamaNguru_Mtongwe

Asalaam aleikum nyote, natumai mu wazima. Nna swali limenikaa rohoni, naomba mwenye elimu anifahamishe taratibu manake mimi si mtu wa mambo ya stima, mimi ni muuza samaki.

Nauza hapa Mtongwe, nguru, changu, tafi, na ngisi msimu ukija. Nna friza mbili. Juzi baada ya isha stima zikapotea, nikadhani ni transfoma yetu ya mtaani kama kawaida yake, nikatulia. Kumpigia dadangu alo Nairobi ati naye yuko gizani, shemeji yangu Kisumu naye giza. Kwetu zikarudi kesho yake jua lishapanda. Friza moja mpira wa mlango umechakaa, kufungua tu harufu ikanipokea, kilo kumi na nane za nguru nikaenda kuzifukia. Na pesa ile ni ya kikundi cha akina mama sita si yangu peke yangu, sijui hata nitawaeleza vipi.

Sasa nitakalo kujua ni hili. Mimi nikitoka mlangoni ng'ambo ya maji ni Kipevu, na pale kuna mitambo ya stima tangu mimi mdogo, marehemu babangu alikuwa akituambia stima za Mombasa zatoka pale. Kama mtambo uko hapa mlangoni, huko bara kukiharibika sisi yatuhusu nini? Si wangewasha pale watugawie wa pwani? Na la pili, usiku wa manane watu wamelala, stima inayobaki si iwekwe mahali ije itumike siku kama ile? Naomba jibu la kweli tafadhali, nataka nielewe ili nijue la kufanya na friza zangu.

Changamwe_Asili

Pole sana mama. Mimi naona ni mambo ya pesa tu, mafuta ni ghali kwa hivyo wanaizima mitambo ya huku wanategemea ya bara, ikiharibika huko sisi ndo twaumia. Naipita Kipevu kila siku nikienda kazini na kuna siku huoni hata moshi.

BabuMitambo

Mwanangu wa Mtongwe pole kwa hasara, nguru kilo kumi na nane si mchezo. Mimi nimefanya kazi na injini kubwa za dizeli za kuzalisha stima hapa pwani mpaka nikastaafu, ntakujibu kwa nilojua kwa mikono yangu. Changamwe_Asili amegusa kipande cha ukweli lakini si chote, na kile alokiacha ndicho kikubwa.

Naanza na swali lako la pili manake bila hilo la kwanza halieleweki. Stima ya kwenye nyaya haina ghala. Maji yana tangi, mafuta yana depo, unga una gunia, lakini stima inayowasha taa yako sasa hivi yazalishwa sasa hivi, nukta hii. Ukichomeka pasi huko Mtongwe kuna mtambo mahali umelemewa kidogo zaidi na imebidi uongeze nguvu papo hapo, na ukichomoa imebidi upunguze. Usiku wa manane hakuna stima inayobaki mama, mitambo hupunguzwa tu, maji huachwa bwawani, mafuta huachwa kwenye tangi. Betri za kuibeba nchi nzima hatuna, na jioni nchi hii yatumia zaidi ya megawati 2,000.

Sasa umewahi kuona watu wakivuta jahazi pwani kulikarabati? Watu thelathini kamba moja, mmoja aongoza wimbo na wote wavuta kwa pigo moja. Hivyo ndivyo gridi ilivyo, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo yote ya nchi. Kila jenereta nchini, iwe Olkaria kwenye mvuke wa ardhini, iwe Gitaru kwenye maji, iwe Kipevu, yavuta kamba moja kwa pigo moja, na pigo letu ni mara 50 kwa sekunde. Injini kubwa za dizeli zaenda polepole, kama mizunguko 500 kwa dakika, kwa hivyo jenereta yake hupewa nguzo 12 za sumaku, tabaini ya mvuke yaweza kukimbia mizunguko 3,000 na nguzo 2 tu, lakini piga hesabu zote zaja kutoa 50 ile ile. Ikitoka kwenye pigo haiwezi kushika kamba. Na kazi yenyewe ndani ni moja tu popote uendapo, sumaku yazungushwa karibu na waya wa shaba na waya wapata stima, Michael Faraday aliionyesha 1831 na mpaka leo hatujabadilisha, tumebadilisha tu nani anayezungusha.

Haya, watu watano kati ya wale thelathini wateleze waanguke. Uzito wao waenda kwa waliobaki. Pigo lapungua. Pigo likipungua sana mwenye mgongo dhaifu aachia kamba asije akaumia, uzito wazidi kwa wengine, nao waachia, na jahazi lote larudi majini. Mashine nazo hivyo hivyo, kila moja ina rilei, yaani swichi ya kujikata yenyewe, ya kuilinda, pigo likishuka kupita kiasi yajitoa yenyewe, na ni haki yake manake ikilazimishwa hapo vyuma vyapasuka na hupati stima ya siku moja utakosa ya mwaka. Kuna rilei nyingine kazi yake ni kukata mitaa haraka haraka ili mzigo upungue waliobaki kwenye kamba wapumue. Hiyo ikiwahi, mitaa kadhaa yazima na nchi yanusurika. Isipowahi ndo giza la wote. Na haya yote ni sekunde, hata kikombe cha chai hujakiweka chini.

Mwakumbuka tarehe 7 Juni 2016? Tumbili alipanda juu ya paa la mtambo wa Gitaru akaangukia transfoma, ikajizima, zikatoka zaidi ya megawati 180 kwa mpigo, na nchi nzima ikaingia gizani saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Watu waliona ni kichekesho lakini sisi wa mitambo tulielewa vizuri, manake tatizo halikuwa tumbili, ni ule mzigo ulowaangukia wengine ghafla.

Sasa Kipevu. Pale Kipevu III iliyoanza 2011 ni kama megawati 120, na Rabai iko nyingine ya kama 90. Zamani babako alisema kweli, Mombasa ilijitegemea sana kwa mitambo yake. Lakini leo pwani yote ni viwanda vya simenti, bandari, mahoteli kutoka Diani mpaka Malindi, majumba yana AC, na sehemu kubwa ya stima hiyo yashuka kutoka bara kwa zile nyaya ndefu. Wakati bara inaachia kamba, huenda hapa ni injini mbili tatu tu zinazunguka. Hizo haziwezi kushika mzigo wa pwani nzima hata kwa pumzi moja, nazo zajitoa. Kwa nini ni mbili tatu? Hapo ndo Changamwe_Asili yuko sawa, mafuta. Injini nzuri ya dizeli katika kila lita kumi za mafuta zile nne au nne na nusu ndo zageuka stima, zilizobaki zatoka joto kwenye moshi na maji ya kupozea. Mvuke wa Olkaria sehemu kubwa zaidi yapotea lakini mvuke huo hakuna meli inayouleta, hakuna anayeulipia dola, kisima kikishachimbwa kilomita mbili tatu chini kazi ni kuutumia. Olkaria ya kwanza iliwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini pekee ni zaidi ya thuluthi moja ya stima ya nchi. Kwa hivyo ya bei nafuu hutangulia, ya mafuta huitwa mwisho, jioni watu wakirudi majumbani. Risiti yako ya tokeni itizame, kuna mstari wa gharama ya mafuta, dizeli ikichomwa sana mstari ule wapanda na wewe ndo walipa.

Tudor_Kijana

Babu shukran nimesoma mara mbili. Swali dogo, kama Kipevu ni ghali hivyo mbona isifungwe kabisa tutumie ya bara tu, si kuna ile laini kubwa mpya?

BabuMitambo

Laini ile ya Nairobi Mombasa ni kilomita 480 na ushei, ilijengwa kwa volti 400,000. Volti zikiwa juu mkondo, yaani wingi wa stima unaopita kwenye waya, wapungua, na stima inayopotea kwa joto kwenye waya hufuata mkondo mara mkondo, kwa hivyo ukiongeza volti mara mbili upotevu washuka hadi robo. Ndo sababu ya minara yote ile mirefu unayoiona Mariakani. Lakini sisi huku tuko mwisho wa kamba. Mwisho wa laini ndefu volti hulegea, hasa jioni mota za AC na pampu zikiwaka pamoja, utaona taa zafifia na feni yazunguka kama imechoka. Jenereta ikiwa karibu hapa yashikilia volti zisianguke. Ndo maana kuna siku utaona moshi Kipevu hata bara kukiwa na maji na mvuke wa kutosha. Ni kama nguzo ya katikati ya hema, huioni faida yake mpaka uing'oe. Moja ya mitambo ile ya Kipevu mkataba wake wa miaka 20 ulikwisha 2021 ikasimamishwa, zilizobaki sijui watafanya nini lakini wasizitoe kabla ya kuweka kitu kingine cha kushika volti hapa.

Na mama aliuliza mbona wasiwashe tu. Nilisahau hilo. Mafuta yale mazito ni kama lami, yapashwa moto zaidi ya nyuzi 100 ndo yapulizike kwenye silinda. Kupasha wataka stima. Pampu za mafuta, za maji, za oili zote zataka stima. Injini yenyewe yaamshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kompresa ya hewa yataka stima. Kwa hivyo wawasha jenereta ndogo kwanza, hiyo iamshe vifaa, ndo uamshe injini moja, halafu uipe mtaa mmoja, usubiri pigo litulie, uamshe ya pili, mtaa wa pili. Ukiipa mji mzima mara moja yazima tena. Na huko mitaani kila friji, kila AC, kila pampu iliachwa swichi iko chini yasubiri, stima zikirudi zote zaruka pamoja na mzigo huwa mkubwa kuliko ulivyokuwa kabla ya kuzima. Nimeshakaa chumba cha mitambo usiku mzima twaamsha zaanguka, twaamsha zaanguka. Nawaomba nyote, stima zikipotea zima AC na friji ukutani, zikirudi subiri dakika kumi ndo uwashe. Wasaidia gridi na waokoa kompresa yako, gesi ndani yahitaji muda itulie, ikiamshwa na presha bado iko juu mota yakwama yaungua.

SolaKisauni

Mimi nna kisa changu. Niliweka sola juu ya nyumba mwaka jana, paneli sita, fundi akaniambia sihitaji betri nitaunganisha moja kwa moja na stima ya nyumba, mchana nitumie jua usiku nitumie mita. Sawa tokeni zimepungua siwezi kulalamika. Lakini siku stima zilipopotea saa saba mchana jua la utosi, na sola ikazima!! Nimempigia fundi ananiambia ndo ilivyo. Ndo ilivyo vipi na jua lipo? Hakunieleza mapema wallahi nikajihisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwalimu_Bamburi

Ndugu wa Kisauni fundi hakukudanganya kwa hilo, alikosea kutokukwambia mapema. Mimi nafundisha fizikia sekondari na swali hili huulizwa na wanafunzi pia. Inveta yako, kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, ni ya aina inayofuata pigo la gridi, yaani yasikiliza ule wimbo wa babu wa mara 50 kwa sekunde na kuvuta nao. Wimbo ukinyamaza haijui ivute lini. Na hata ingejua, kwa makusudi imetengenezwa ijizime, manake kuna fundi wa laini huko juu ya mlingoti anashika waya akiamini umekufa, na paneli zako zikiusukumia stima waya ule kupitia mita yako, transfoma ile ile inayoshusha volti kuja kwako yazipandisha kurudi kwake, anakufa mtu. Ukitaka jua likutumikie gizani wahitaji inveta ya aina nyingine yenye betri na swichi ya kukutenga na laini kabisa, hapo inveta yaimba wimbo wake wenyewe nyumbani kwako.

Na kwa jambo hilo hilo, wenye jenereta ndogo za petroli, naomba kwa Mungu msichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa ule waya wenye plagi pande mbili. Nimeuona kwa jirani. Ni kosa lile lile na linaua. Wala jenereta isiwekwe barazani karibu na dirisha, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, watu hulala wasiamke.

Sasa dada wa Mtongwe, nije kwako manake naona wote tumeeleza giza hakuna aliyekuokolea samaki. Babu amesema stima haina ghala, ni kweli, lakini wewe ghala unayo mbili tena kubwa. Friza yako ni betri. Si ya stima, ya ubaridi, na kwako wewe ubaridi ndo bidhaa.

Ngoja nipige hesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka, bila hata kupanda joto, yanyonya kilojuli 334 za joto. Yuniti moja ya tokeni ni kilojuli 3,600. Kwa hivyo kilo 20 za barafu zanyonya kama 6,700, karibu yuniti mbili kasoro kidogo za joto. Friza ya lita 200 yenye mpira mzima, kwa joto letu la Mombasa, kwa makadirio yangu yaingiza joto la yuniti moja na nusu mpaka mbili kwa siku kupitia kuta na mlango. Yaani kilo 20 za barafu zakubebea kama siku nzima kabla samaki hawajaanza kulipa wao. Na barafu hiyo ulishailipia polepole siku stima zilipokuwepo, ikishaganda kuishikilia hakukuongezei tokeni.

Ila maji matupu yayeyuka kwenye nyuzi 0, na samaki alogandishwa huanza kulegea kabla ya hapo. Kwa hivyo chukua chupa za plastiki za lita moja na nusu au lita mbili, tia maji na chumvi ya kupikia, kadiri gramu 100 kwa kila lita. Maji hayo huanza kuganda karibu nyuzi 6 chini ya sufuri, kwa hivyo yakiyeyuka yayeyukia huko chini na samaki wabaki wagumu. Usijaze mpaka shingoni, maji yakiganda hupanuka karibu asilimia 9, chupa yapasuka. Acha vidole vinne juu.

Mpira wa mlango: funga karatasi kati ya mlango na friza halafu ivute. Ikitoka bila kukaza, joto laingia hapo mchana na usiku, kompresa haipumziki, na ndo tokeni zako zinakokwenda hata siku hakuna hitilafu. Nunua mpira mpya wiki hii kabla ya kitu kingine chochote.

DadaBarafu_Majengo

Naongezea la mwalimu. Mimi nauza barafu na sharubati miaka tisa. Friza iliyojaa yakaa baridi kuliko ilo nusu, kwa hivyo ukiuza samaki nafasi ile jaza chupa, usiache hewa manake ukifungua mlango hewa yamwagika nje yaingia ya joto yenye unyevu wa bahari, ndo ule ukungu na ile theluji nene ukutani mwa friza, ing'oe ikifika unene wa kidole yazuia baridi kupita. Stima zikipotea mimi nafunika friza na magunia mawili na blanketi la zamani, nyuma kwenye kompresa naacha wazi. Na sifungui. Hata mteja alie sifungui.

Tudor_Kijana

Kwani akinunua sola na betri si ndo amemaliza? Mbona magunia

Mwalimu_Bamburi

Kijana swali zuri, tufanye hesabu usiruke. Friza moja nzuri yala kama yuniti moja na robo kwa siku. Hapa Mombasa jua la siku ya kawaida ni sawa na saa tano za jua kali. Paneli ya wati 300 mara saa tano ni yuniti moja na nusu kwenye karatasi, lakini paneli hupimwa ikiwa na nyuzi 25, na juu ya mabati ya Mtongwe yafika 60, kila nyuzi moja yapunguza kama asilimia 0.4, hapo umeshapoteza asilimia 14, toa vumbi, chumvi ya bahari, waya na inveta, unabaki na yuniti moja na kidogo. Kwa hivyo paneli mbili kwa friza moja ndo ulale usingizi. Ziinuliwe kutoka kwenye bati upepo upite chini, ziinamishwe nyuzi kama kumi zitizame kaskazini kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta nyuzi 4, na huo mwinamo wasaidia mvua kuziosha. Vyuma viwe vya alumini au visivyoshika kutu, chumvi ya huku yala boliti mwaka mmoja. Betri ya asidi ya volti 12 saa-ampia 200 yasomeka yuniti 2.4 lakini usiitoe zaidi ya nusu itakufa mapema. Na inveta iwe kubwa mara kadhaa ya friza, manake kompresa ikiamka huvuta mara tano au zaidi ya inavyovuta ikitembea.

Ni kitu kizuri na nampenda afike huko, lakini ni pesa. Chupa za maji ya chumvi ni za leo jioni.

Na kitu kimoja zaidi dada, tafadhali lisome hili vizuri kwa kuwa wauza nguru. Nguru na jodari wakipata joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Ikishatengenezwa haitoki kwa kugandisha tena wala kwa kupika wala kwa kukaanga. Mteja huwashwa mwili, uso wekundu, moyo kwenda mbio. Kwa hivyo wahitaji kujua kama samaki waliyeyuka usiku wakaganda tena wewe hukuwepo. Gandisha maji matupu kwenye kikombe, weka shilingi ishirini juu ya barafu, kiache ndani ya friza karibu na samaki wa juu. Ukiamka ukakuta sarafu bado iko juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama katikati au chini na barafu imeganda juu yake, waliyeyuka, usiwauze.

Changamwe_Asili

Mwalimu hii ya shilingi namwambia mke wangu leo. Babu nimekuelewa pia, nilidhani ni pesa tu.

BabuMitambo

Pesa imo mwanangu. Lakini hata ukipewa mafuta bure hukai peke yako na mzigo wa pwani nzima kwa injini mbili. Ndo maana zamani tulikuwa tukisikia sauti ya injini imebadilika, kabla ya geji kusema, twajua bara kuna kitu.

MamaNguru_Mtongwe

Asalaam aleikum tena, narudi baada ya wiki mbili na nusu. Kwanza Babu, Mwalimu, dada wa Majengo, Mwenyezi Mungu awalipe kila la kheri, nimewasomea akina mama wa kikundi maneno yenu yote hapa kwenye simu, tumesoma mpaka saa nne usiku. Ile ya kuvuta jahazi mama mmoja alisema basi hata sisi tukiwasha pasi sote magharibi twamvuta babu mgongo.

Nimenunua mpira mpya, fundi ameutia, karatasi haitoki. Chupa kumi na nne za chumvi zimeganda, zilichukua siku mbili nzima na tokeni siku hizo zilikwenda mbio kidogo kisha zikatulia, na sasa naona zadumu kuliko zamani, tokeni nilizokuwa namaliza Ijumaa sasa zanifikisha Jumapili. Ni ule mpira nafikiri.

Jana zikapotea tena, hii ilikuwa ya mtaani tu, transfoma, tangu saa kumi alasiri mpaka alfajiri. Saa kumi na nne. Nikazima ukutani, nikafunika magunia, watoto nikawakataza. Ziliporudi nikahesabu dakika kumi kwa saa ndo nikawasha.

Sasa kosa langu moja Mwalimu, chupa nilizitia zote chini kwa kuwa ndo kulikuwa na nafasi. Friza ya zamani samaki wa chini walikuwa kama jiwe lakini wa safu ya juu walianza kulegea ukiwabonyeza, si wote, kama kilo tatu. Friza nyingine hakukuguswa kitu.

Mwalimu_Bamburi

Baridi hushuka, joto hukaa juu, kwa hivyo chupa nusu ziwe juu ya samaki na nyingine katikati, chini bakisha chache. Hao kilo tatu, shilingi yasemaje?

MamaNguru_Mtongwe

Iko juu ya barafu, kavu, hata haikushikwa pembeni. Hao wa kilo tatu nimewauza leo asubuhi kwanza, na chupa nimeshazipandisha.